Taa za gari zilizofifia: kung'arisha bila kufunika ni kazi nusu

Mwaka 2023 Serikali iliondoa zuio la mabasi ya abiria kusafiri usiku, zuio lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Tangu hapo barabara yetu ya Dodoma, Manyoni hadi Singida hailali. Mabasi ya kwenda Kahama na Mwanza yanapita saa ambazo zamani tulisikia malori tu, na katikati yake kuna magari yetu madogo ya kutoka mnadani, baiskeli zenye magunia, mikokoteni ya ng'ombe na watu wanaorudi nyumbani kwa miguu.

Simu mnazotupigia kuhusu barabara hiyo zinarudia malalamiko mawili. Madereva wanasema usiku hawawaoni watu mpaka wamewafikia. Watembea kwa miguu wanasema magari yanawamulika hadi hawaoni pa kukanyaga. Yanaonekana kama malalamiko yanayopingana, lakini mara nyingi chanzo chake ni kimoja: taa za mbele zilizofifia, zikapauka na kuwa na ukungu wa njano.

Sisi wenyewe tulijifunza hili kwa aibu. Gari letu la kazi ni Noah ya siku nyingi. Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka mnadani, saa mbili usiku, taa zikiwa kwenye dimu kwa sababu lori lilikuwa linakuja mbele. Mzee mmoja alikuwa anakokota baiskeli yenye gunia la alizeti. Tulimwona akiwa tayari ubavuni mwa boneti. Aliachia baiskeli akaangukia kwenye majani. Tulisimama, tukamwamkia, tukamwomba radhi. Alijipangusa vumbi, akalitazama gari, akauliza: "Hivi wanangu, taa mlikuwa mmewasha?"

Tulikuwa tumewasha. Swali lake ndilo lililozaa makala hii.

Kioo ambacho si kioo

Wengi tunaita "kioo cha taa", lakini kwa magari ya siku hizi hicho si kioo. Wanaokumbuka Land Rover za zamani zenye taa za duara wanajua zile zilikuwa kioo kweli: jiwe likipiga, kinapasuka, lakini hakipauki hata kikikaa juani miaka 30. Mwaka 1983 Marekani iliruhusu taa zenye uso wa plastiki, na leo karibu kila gari dogo linalotoka kiwandani lina taa za aina hiyo. Plastiki yenyewe inaitwa polikaboneti. Ni nyepesi, haipasuki ovyo, na inakunjika kufuata umbo lolote la gari.

Udhaifu wake ni mmoja. Jua linaishambulia. Mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, huvunja uso wa plastiki kidogo kidogo hadi unageuka njano na kuwa na chengachenga. Kiwanda kinajua hilo, kwa hiyo hupaka juu yake tabaka jembamba, gumu na angavu la kuzuia mionzi. Tabaka hilo ndilo mwavuli wa taa. Vumbi, kokoto, mchanga wa upepo na kusuguliwa kwa kitambaa kikavu vinalila taratibu. Likishatoboka, plastiki inabaki uchi.

Ndiyo maana gari linaloegeshwa kila siku upande mmoja wa nyumba huwa na taa moja iliyochakaa kuliko nyingine. Ile inayotazama jua la mchana ndiyo inayotangulia.

Hesabu ya usiku

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018 kwa kutumia taa za magari mawili ya kawaida yenye umri wa takriban miaka 11. Taa zilizofifia zilitoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipong'arishwa zikapanda hadi karibu asilimia 70. Yaani kusugua kunasaidia sana, ingawa hakurudishi taa kuwa mpya.

Tugeuze asilimia hizo ziwe mita za barabarani. Mwanga ukisafiri hutawanyika, na ukiongeza umbali mara mbili, unaofika ni robo. Kwa hiyo taa yenye moja ya tano ya mwanga inakuonyesha kitu kilekile kwa umbali usiofika nusu. Kama taa nzuri kwenye dimu inamwonyesha mtu mwenye nguo nyeusi akiwa mita 60 mbele, ile iliyofifia itamwonyesha akiwa kama mita 27.

Sasa weka mwendo. Kwenye makazi ya watu sheria yetu inataka usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, dereva aliye macho hutumia sekunde moja na nusu hivi kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Gari limekwisha kwenda mita 21. Kusimama kwenye lami kavu kunahitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 35. Mwenye taa nzuri anasimama na nafasi inabaki. Mwenye taa ya mita 27 atakuwa bado anatembea atakapomfikia mtu. Hakwenda kasi, hakulewa, hakusinzia. Alifuata sheria, ila mwanga wake ulikuwa mfupi kuliko breki yake.

Kwa kilomita 80 kwa saa, kusimama kunahitaji karibu mita 70. Hapo hata dimu nzuri haitoshi. Kwa hiyo tunaposema tengeneza taa, hatusemi ongeza mwendo.

Na yule anayelalamika kumulikwa? Uso wenye ukungu hautupi mwanga mahali palipopangwa. Unautawanya juu, pembeni na machoni mwa anayekuja. Dereva akiona giza, hununua balbu kali zaidi au anafunga taa za ziada kwenye bampa. Balbu kali nyuma ya plastiki yenye ukungu inaongeza mng'ao kwa wengine kuliko inavyoongeza njia kwa mwenye gari. Anayekuja naye anapiga fulu kujibu, na wawili wanapishana wote wakiwa hawaoni kitu. Mwenye baiskeli yuko katikati yao.

Kwa nini tatizo hili ni letu

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika. Kule gari hukaguliwa kwa vipindi, na taa haiangaliwi kwa macho tu. Mwanga wa dimu unapimwa kwa mashine, na kila taa inatakiwa ifikishe angalau kandela 6,400. Taa iliyofifia inaweza kulikwamisha gari zima, hivyo mwenye gari analazimika kuisugua, kuibadilisha au kuliuza.

Hapa kwetu, gari likisimamishwa mchana na dereva akaambiwa awashe taa, kinachoonekana ni kwamba taa inawaka. Mwanga wake unafika wapi usiku, jicho la mchana haliwezi kujua. Ndiyo maana gari linaweza kupita ukaguzi na bado likawa hatari saa mbili usiku.

Kuna jambo jingine wanaonunua magari walijue. Taa ya gari la miaka 12 inayong'aa kama mpya siku unalipokea inawezekana imesuguliwa kabla ya kuuzwa. Kama ilisuguliwa bila kupakwa kinga, ule mwavuli wa kiwandani umeshaondolewa wote. Baada ya miezi michache ya jua la Singida itafifia, na mara hii itafifia haraka kuliko mwanzo. Usishangae ukaona umeuziwa mng'ao wa muda.

Halafu kuna suala la nani alipie. Kwenye Noah na Hiace za abiria, dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku. Breki ikigoma, gari halitoki na tajiri atatoa hela. Taa ikififia, gari linatoka na hesabu inapatikana. Tajiri hulitazama gari lake mchana, likiwa limeoshwa. Dereva ndiye anayeona giza, lakini taa si yake. Kazi inabaki bila mwenyewe. Habari njema ni kwamba haihitaji taa mpya. Inahitaji msasa, maji, mkono na saa mbili za utulivu.

Kwanza pima

Chukua maji safi, mwagia taa, tazama. Kama ukungu unapungua au unapotea taa ikiwa imelowa, tatizo liko nje, na msasa utafaa. Maji yanajaza mikwaruzo na kukuonyesha taa itakavyokuwa ukimaliza.

Kama ukungu haubadiliki, huenda uko ndani. Matone ya maji ndani ya taa yanaonyesha kuna mahali panapovuja. Zunguka nyuma uangalie kifuniko cha mpira mahali balbu inapoingia. Mara nyingi kimetupwa au kimekatwa ili balbu ya aina nyingine ienee. Kirudishe kwanza, taa ikauke kabisa. Ukifungua boneti na kuona sehemu ya ndani inayorudisha mwanga imeungua au imebanduka, hakuna msasa utakaoisaidia. Hivyo hivyo kwa taa yenye ufa unaopenya. Hizo ni za kubadilisha.

Kusugua

Fanya kazi asubuhi au alasiri, kivulini, siku isiyo na upepo wa vumbi. Hakikisha taa zimezimwa na zimepoa.

Osha taa kwa sabuni na maji mengi. Chembe moja ya mchanga ikibaki, itachora mistari kazi nzima. Bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kuzunguka taa yote, mara mbili. Msasa ukigusa rangi ya boneti mara moja tu, utakuwa na kazi ya pili.

Nunua msasa wa maji, ule mweusi unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Namba ndogo ndiyo kali, namba kubwa ndiyo laini. Kwa taa iliyopauka sana anza na 800, kisha 1000, 1500, umalizie na 2000. Kama ukungu ni mwepesi, anzia 1000. Loweka msasa kwenye ndoo dakika kumi, na weka tone la sabuni kwenye maji.

Sugua kwa mstari ulionyooka, kushoto kulia, ukimwagia maji muda wote. Usibonyeze sana. Maji ya kwanza yatatoka ya njano. Hiyo ndiyo plastiki iliyokufa na mabaki ya tabaka la kiwandani. Endelea mpaka maji yatoke meupe kama ya mchele, na taa nzima iwe na ukungu mmoja usio na mabaka. Ukihamia namba inayofuata, geuza mwelekeo, sugua juu chini. Mistari ya namba iliyopita ikifutika yote, ndipo umemaliza hatua hiyo. Wengi huharibu hapa kwa haraka: wanaruka namba, na mikwaruzo mikubwa inabaki chini ya mng'ao.

Usiogope ukiona taa ni nyeupe kuliko ulivyoanza. Baada ya namba 2000, paka kompaundi ya kung'arishia rangi kwa kitambaa laini na sugua kwa mduara. Uwazi utarudi mbele ya macho yako.

Kufunika ndiko kutengeneza

Hapa ndipo wengi wanapoishia, na hapa ndipo kazi inapoanza. Plastiki uliyoiacha ni safi lakini iko uchi. Umeondoa uchafu na umeondoa pia kilichobaki cha mwavuli. Ikikaa hivyo, jua litairudisha ilikokuwa ndani ya miezi.

Kwa hatua yoyote ya kufunika, kwanza futa taa kwa kitambaa safi chenye spiriti, ile ya kusafishia vidonda, uondoe mafuta ya kompaundi. Acha ikauke.

Njia rahisi kabisa ni nta ya magari. Haina hatari na inapatikana, ila hudumu wiki chache tu. Ukiichagua, kubali kuirudia kila mwezi bila kukosa.

Njia ya kati, na ndiyo tunayoishauri kwa kazi ya nyumbani, ni kimiminika maalumu cha kupaka taa kwa kitambaa. Huuzwa peke yake au ndani ya seti yenye msasa. Soma maelezo: lazima yaseme kinazuia mionzi ya jua. Pitisha mara moja kwa mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, usirudie ulipopita. Kisha usiguse, usioshe, usiache mvua inyeshee kwa muda ulioandikwa, na kama hakuna ulioandikwa, mpe siku nzima.

Njia inayodumu zaidi ni klia, ile rangi angavu ya juu inayopigwa kwa pampu na mafundi rangi. Ikipigwa vizuri huweza kukaa miaka. Lakini klia inayochanganywa na dawa ya kukazia ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukivuta mvuke wake unaweza kupata pumu isiyopona, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Usiipige uani kwako watoto wakicheza. Ing'oe taa, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupumulia. Mwambie pia umekomea msasa namba 1000 bila kompaundi, kwa sababu klia huhitaji uso wenye mkwaruzo kidogo ili ishike. Ukiipiga juu ya uso ulioteleza, itabanduka.

Mitego ya njiani

Dawa ya meno inafanya kazi kidogo, kwa sababu ni msasa laini sana. Kwenye ukungu mwepesi utaona tofauti. Lakini haifuniki kitu, na ukungu unarudi upesi. Anayeosha magari akikufanyia kwa bei ya soda mbili, hajakudanganya, ila umenunua wiki chache.

Usitumie petroli wala tina. Taa inaweza kung'aa dakika ileile, lakini vimiminika hivyo huidhoofisha polikaboneti na kuiachia nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, zinazoingia ndani kuliko msasa unavyofika. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa za kujipaka za kufukuza mbu zenye kemikali ya DEET, ambazo watu huoneshana kwenye video za simu. Mng'ao unaouona ni plastiki ikiyeyuka juu.

Baada ya kazi, elekeza taa

Taa safi iliyoelekezwa vibaya inapofusha kuliko ile chafu. Jioni, egesha gari mahali tambarare mbele ya ukuta, mita 5 kutoka ukutani, uwashe dimu. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini. Mstari wa juu wa mwanga ukutani uwe chini ya kimo hicho kwa sentimita 5 hadi 7. Ukiwa juu, fundi ataushusha kwa skrubu nyuma ya taa.

Kumbuka mzigo. Gari likijazwa nyuma, pua inainuka na dimu inakuwa kama fulu. Magari mengi ya Japani yana kitufe kidogo cha namba karibu na usukani. Namba sifuri ni gari tupu, na kadiri unavyopakia ndivyo unavyoongeza namba ili mwanga ushuke. Wengi wetu hatujawahi kukigusa tangu tuliponunua gari.

Kwa anayetembea

Taa za wengine huwezi kuzitengeneza. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo tembea upande wa kulia ili uone linalokuja. Vaa kitu cheupe, au beba tochi hata ya simu. Kwenye baiskeli na mkokoteni weka kiakisi nyuma, maana hata taa dhaifu hukiona kabla haijakuona wewe. Hatusemi hivi ili kuhamisha lawama. Mwenye gari ndiye aliyebeba chuma, na ndiye anayedaiwa mwanga.

Kwa madereva wa stendi moja, msasa wa namba zote na chupa ya kinga vinaweza kutumika kwa magari kadhaa, kwa hiyo changeni. Na matajiri wa magari, tunawaomba jambo moja tu: usiku mmoja mwezi huu, kaeni kiti cha mbele cha gari lenu, nje ya mji, kwenye dimu. Mtajua wenyewe kama mzee wa alizeti alikuwa na haki ya kuuliza.

Noah yetu tuliisugua Jumamosi moja, tukaipaka kinga, na tumeandika ukutani studio tarehe ya kuikagua tena. Ukungu ukianza, tutapaka upya kabla haujafika ndani.